Pedi Isiyo na Waya

Kiharusi kilipompiga Mama Winchi kilimpiga upande wa kushoto, kikamwachia ulimi wake mzima, na hapo ndipo kilipokosea. Mguu ulirudi baada ya wiki tatu, ukiburuta kidogo. Mkono haukurudi. Ulikuwepo tu begani, unaning'inia, vidole vimejikunja kama vya mtu anayeficha kitu, na kila aliyekuja kumpa pole aliutazama huo kabla ya kumtazama yeye usoni. Mama Winchi alikuwa akiwakatiza, "Mimi niko huku juu."

Jina hilo alilipata kwenye yadi ya makontena, alikoendesha winchi miaka ishirini na minane. Alikaa kwenye kibanda cha vioo, juu kabisa, na mbele yake vishikio viwili: cha kulia kinapandisha na kushusha, cha kushoto kinapeleka mzigo mbele na nyuma. Wanaume wa chini walianza kwa kumcheka, wakaishia kugombania zamu yake, maana kontena likishushwa naye lilitua bila kishindo. Kazi ya kulia hata mlevi angeiweza, alikuwa akisema. Ufundi wote ulikuwa kushoto.

Mkono huohuo, kwingineko, aliunyima heshima zote. Watoto wake watatu walikua wakijua kwamba ukimpa mama kitu kwa kushoto, unakirudisha ulikokitoa na kuanza upya kwa kulia. Hata kijiko cha chumvi. Hata kama jikoni kunaungua.

Sasa tuje kwenye mlango, kwa sababu ugomvi wote ulianzia hapo. Nyumba ya Mama Winchi ilikuwa na mlango mmoja wa mbele wenye kitasa cha kujifunga. Ukiusukuma tu umejifunga. Fremu yake ilikuwa imeshuka miaka mingi, hivyo kuufungua kwa ndani kulitaka mikono miwili: wa kushoto unanyanyua mpini kwa nguvu na kuushikilia hapo, wa kulia unageuza ufunguo. Ukiachia mpini, ufunguo haugeuki. Siku ya kiharusi alitambaa mpaka mlangoni, akajiinua kwa mkono wa kulia, akatia ufunguo, akakosa wa kunyanyua. Alikaa sakafuni saa nzima akiutazama mlango wake mwenyewe. Jirani, mwalimu wa hesabu wa mlango wa pili, aliita fundi seremala wakavunja kitasa.

Kitasa kipya kilikuja na funguo tatu, lakini fremu ilibaki ileile, na kwa ndani bado ilitakiwa mikono miwili. Mmoja ulibaki ndani, kwenye msumari. Wa pili alipewa mwalimu. Wa tatu aliuchukua Meneja.

Meneja ni kifungua mimba wake. Mama yake alimpachika jina hilo akiwa na miaka minne, kwa vile alivyowapangia wenzake mahali pa kukaa na lini wacheke. Alipokua akawa meneja kweli, wa ghala la vinywaji, na tabia ikapata mshahara. Mtoto mwema, lakini wema wake unatembea na ratiba. Kila alipokuja kumjulia hali mama yake hakugonga. Alitia ufunguo, akasukuma kwa bega, akawa yuko sebuleni.

"Mama, huwezi kuishi hivi," alisema siku moja, bado kasimama. "Chumba cha nyuma kwangu kipo tayari."

"Wewe ulizaliwa kwangu au mimi kwako?"

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Kwanza mkuu ni mimi. Pili, guu langu zima. Kilicholala ni mkono."

Meneja aliketi. Akasema kwa upole, na upole huo ndio uliouma. "Kila asubuhi mwalimu anakufungulia kabla ya kwenda shule, anaegemeza tofali mlango usijifunge. Jioni anatoa tofali. Mama, unafunguliwa kama kuku."

Ilikuwa kweli tupu. Mama Winchi alikuwa amekwisha kujiambia maneno hayohayo, lakini kujiambia na kuambiwa ni vitu viwili. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawa ya moto.

"Basi nibadilishe kitasa," alisema Meneja. "Niweke cha kubonyeza."

"Usiuguse mlango wangu. Leo utabadilisha kitasa, kesho utabadilisha vikombe, keshokutwa vifungo vya nguo, mwisho utaona ni rahisi zaidi kubadilisha mama."

Wakafikia mapatano, kama wakubwa wawili wa yadi. Mwisho wa mwezi wa tatu tangu siku hiyo Meneja angekuja na gari na maboksi. Siku hiyo mama akimfungulia mlango mwenyewe kwa ndani, habari ya kuhama haitatajwa tena. Akishindwa, atapanda gari bila maneno. Meneja alikubali haraka, kama mtu anayejua jibu.

Hospitali walikuwa wamempa mpira wa kubinya. Mara mia mbili kwa siku, alisema mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Mama Winchi aliubinya mara kumi na mbili akasinzia. Mpira ule haukuwa na jambo: unaubinya, unajaa, unaubinya, unajaa, hauendi popote. Mkono uliozoea kubeba tani ishirini utaamkaje kwa ajili ya mpira? Alimwambia mtaalamu hivyo. Yule dada akacheka, akasema basi atafute chochote kitakachovilazimisha vidole kufanya kazi yenye maana, mradi mkono wa kushoto usidanganye kwa kumwachia wa kulia.

Jibu lilitokea kwenye runinga. Ilikuwa smati TV, zawadi ya Meneja, iliyoletwa ili mama atulie atazame tamthilia. Mama Winchi alizichoka tamthilia baada ya siku mbili. Kila mtu analia na hakuna anayefanya kazi. Alikuwa akipekua michezo ya bure kwa rimoti alipoona picha ya winchi. Winchi kweli, na bandari, na meli, na makontena ya rangi. Akabonyeza. Runinga ikaandika maneno asiyoyaelewa, ikakataa kwenda mbele.

Mwalimu alipokuja kutoa tofali aliyasoma. "Inasema rimoti haitoshi. Inataka pedi."

Mama Winchi aliweka rimoti chini. "Mwalimu, nina miaka sitini na mitatu. Mambo hayo nilishaagana nayo."

"Pedi ya gemu, mama!" Mwalimu alicheka mpaka akakalia tofali. "Wanafunzi wangu ndivyo wanavyoiita. Ile ya kushika kwa mikono miwili, ina vijiti viwili vya kusukuma kwa vidole gumba."

"Vijiti viwili?"

"Kimoja kulia, kimoja kushoto."

Mama Winchi aliketi wima. "Kaisome hiyo TV mgongoni," alisema. "Niandikie namba zake zote."

Kesho yake alikwenda mwenyewe mpaka barabara ya maduka ya vifaa vya umeme, mguu ukiburuta, karatasi ya mwalimu ndani ya pochi. Alichagua duka lililokuwa na runinga nyingi ukutani. Muuzaji alikuwa mwanamume wa makamo, miwani imepanda juu ya kipara, na kulikuwa na wateja watatu.

"Shikamoo mama, karibu."

"Marahaba. Nataka pedi isiyo na waya."

Muuzaji akashusha miwani, akainama kwa heshima kubwa, akasema kwa sauti ndogo iliyosikika mpaka mlangoni, "Mama, duka la dawa ni jengo la tatu. Ila... hizo hazijawahi kuwa na waya."

Mteja mmoja aligeukia ukuta, mabega yanatikisika. Mwingine hakujisumbua kugeuka. Siku nyingine, mwanamke mwingine angetafuta mlango. Mama Winchi aliweka pochi juu ya kaunta, akavuta stuli kwa mguu mzima, akakaa.

"Mkimaliza kucheka mnambie," alisema. "Mimi nina siku nzima. Nataka pedi ya gemu, ya TV, ya kwangu mimi, siyo ya mjukuu. Namba za TV hizi hapa. Na matundu ya nyuma yako mawili, moja limeziba, la pili zima."

Muuzaji alisoma karatasi, na uso wake ukabadilika kidogo. Wateja wengi huja wanajua rangi tu ya runinga yao. Akaleta pedi ya dhahabu yenye taa za bluu zinazopepesa. "Hii ndiyo mpya, mama. Hii inaingia kwenye TV zote."

"Zote," alisema Mama Winchi. "Yadi yetu aliwahi kuja mtu na mnyororo, akasema unaingia kwenye winchi zote. Uliingia kweli. Kutoka ulitoka na kontena. Iwashe kwenye ile TV tuione."

"Boksi likifunguliwa, mama, inakuwa shida kidogo..."

"Winchi haipimwi kwa rangi, mwanangu."

Wateja waliokuwa wakicheka sasa walisogea. Muuzaji akafungua boksi, akaiunganisha kwa bluutuu, akafungua mchezo wa magari. Mama Winchi alisukuma kijiti kwa dole gumba la kulia huku analitazama gari. Akasukuma tena. Akaachia, gari likaendelea kupinda kidogo, kisha ndipo likanyooka.

"Inachelewa."

"Hata nusu sekunde haifiki, mama."

"Nasukuma leo, inakwenda kesho. Unajua mzigo unaochelewa hufanya nini? Ukiusimamisha hausimami, unabembea, na chini kuna mtu amesimama anakula mkate wake." Akairudisha juu ya kaunta. "Nyingine."

Muuzaji alikuwa ameuona mkono. Watu huuona, kisha huanza kuongea taratibu kana kwamba sikio nalo limelala. Akatoa kwenye droo ya chini kitu kidogo, chembamba, chenye kijiti kimoja. "Mama, kwa hali yako ningekushauri hii. Unaicheza kwa mkono mmoja tu. Nyepesi, haikuchoshi, na wa kushoto unaupumzisha."

Alisema kwa wema, na Mama Winchi aliujua wema huo. Alikuwa akiishi nao miezi miwili sasa. Ulikuwa ndani ya vikombe vya plastiki alivyoletewa, ndani ya nguo zisizo na vifungo, ndani ya chumba cha nyuma chenye godoro jipya. Kila mtu alikuwa akiupumzisha ule mkono. Wakiendelea kuupumzisha hivyo, utapumzika moja kwa moja.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," alisema. "Umelala miezi miwili, unataka niutandikie na kitanda? Nioneshe yenye vijiti viwili, isiyochelewa, na vijiti viwe vigumu."

"Vigumu?"

"Kama vya watu wanaofanya kazi."

Iliyobaki ilikuwa nyeusi, nene, bila taa, inayotumia betri ndogo mbili, na ilikuja na kidude cha kuchomeka kwenye tundu la nyuma ya runinga. Muuzaji aliomba radhi kwa ajili yake kabla hajaitoa. Nzito, alisema, vijiti vyake vinakaza, wateja hawaipendi, wawili wamelalamika. Akachomeka kile kidude. Mama Winchi akasukuma kwa kulia, gari likapinda papo hapo. Akaachia, likanyooka papo hapo. Mwili wake uliutambua utiifu huo kabla kichwa hakijasema kitu. Mgongo ulinyooka kama yuko kibandani.

Kisha akaunyanyua mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, akauweka juu ya pedi, akavikunjua vidole kimoja kimoja mbele ya watu wote, akalipandisha dole gumba juu ya kijiti. Akaliamuru. Dole likatetemeka. Kijiti hakikusogea hata unywele.

Muuzaji akasafisha koo. "Lakini mama, hii hata kuisukuma huwezi."

"Ndiyo maana naichukua," alisema Mama Winchi. "Ninayoiweza ina faida gani kwangu? Na hizo betri, nipe pakiti mbili."

Wiki ya kwanza alizamisha makontena yasiyo na idadi. Pedi ilimponyoka mkononi, ikabidi mwalimu amfunge kiganja kwa kitambaa cha kichwa. Dole gumba lilikuwa linasukuma kijiti kwa uzito wa mkono mzima, kama mzee anayeegemea geti, na kontena linakimbia mbele na kutumbukia baharini. Mama Winchi aliitukana meli, akaitukana bahari, akamtukana aliyetengeneza meli bila kumjua. Hakusinzia hata mara moja. Jioni mkono ulimuuma mpaka kwapani, na maumivu yale aliyapokea kama barua. Miezi miwili mkono ule ulikuwa haujamwandikia chochote.

Wiki ya nne kitambaa kilitoka. Wiki ya saba alipanga meli nzima, akazamisha mawili tu, akamwita mwalimu aje aone. Mwalimu akajaribu naye, akazamisha manane, akasema hesabu ndiyo fani yake.

Simu ndiyo iliyoharibu. Meneja alipiga mchana mmoja, mama akapokea kwa kubonyeza spika, macho yakiwa kwenye meli.

"Mama, unafanya mazoezi?"

"Siwezi kuongea sana, niko kazini."

"Kazini wapi?"

"Yadi. Nina meli inasubiri, na upepo umeanza." Honi ya meli ikalia kwenye runinga, ndefu. "Umeisikia? Hawana subira hawa."

Meneja akaongea taratibu, neno moja moja. "Mama. Wewe umestaafu. Unakumbuka kwamba umestaafu?"

Alimweleza. Alimweleza vizuri, lakini kadiri alivyotaja pedi, na runinga, na kwamba muuzaji alimwelekeza duka la dawa, ndivyo sauti ya mwanawe ilivyozidi kuwa laini. "Sawa, mama. Nakuja Jumapili hii. Hatusubiri tena mwisho wa mwezi."

"Tulipatana!"

"Jumapili, mama. Hayohayo ya mlango, lakini Jumapili."

Zilibaki siku tatu badala ya majuma mawili. Ijumaa aliujaribu mlango: mpini ulinyanyuka nusu, vidole vikateleza. Jumamosi ulinyanyuka wote, lakini mkono wa kulia ulipogeuza ufunguo, wa kushoto ukasahau ukaachia. Akajaribu mpaka kiganja kikawa chekundu. Aliogopa. Hakuna haja ya kuficha: Mama Winchi, aliyekaa juu ya upepo miaka ishirini na minane, aliogopa kitasa.

Jioni ile mwalimu alipokuja kutoa tofali, Mama Winchi alimwambia, "Nipe ufunguo wako."

"Na kesho asubuhi nani atakufungulia?"

"Hakuna."

"Mama, ukishindwa?"

"Atakuja seremala, anaijua njia. Lete."

Mwalimu alimtazama, akautoa ufunguo kwenye pete yake, akamkabidhi. Ukaenda kwenye msumari. Ule wa ndani Mama Winchi aliutia tunduni, akaugeuza kidogo, akauacha humo.

Jumapili saa nne gari lilisimama. Aliisikia miguu ya Meneja, kisha ufunguo wake ukikwaruza tundu. Ukakwaruza tena. Haukuingia, nafasi ilikuwa na mwenyewe.

"Mama?" Mpini ukatikiswa. "Mama! Umeanguka? Mama!"

"Sijaanguka. Gonga."

"Ufunguo hauingii, mama, kuna kitu..."

"Gonga kama watu wanavyogonga."

Huko nje, mtu mzima alijisikia mjinga mbele ya majirani. Kisha ngo, ngo, ngo.

"Nani?"

"Mama, ni mimi!"

"Subiri."

Aliweka mkono wa kushoto kwenye mpini, akavikunja vidole bila kusaidiwa. Akanyanyua. Vikateleza, mpini ukarudi kwa kishindo.

"Mama, acha, utaumia. Niite fundi?"

"Ukimwita mwambie akuletee na kiti, maana utakaa nje muda mrefu."

Akavuta pumzi. Kosa la jana alilijua sasa: alikuwa ananyanyua na kugeuza kwa pamoja, kwa pupa, kama mgeni wa kazi. Mzigo haushushwi ukiwa unabembea. Unaufikisha mahali pake, unaushikilia, unangoja utulie, ndipo wa kulia ufanye kazi yake ndogo. Akanyanyua tena. Mpini ukapanda wote. Mkono ukatetemeka mpaka bega, akauacha utetemeke, hakuukimbiza. Akahesabu mpaka nne. Vidole vilikuwa bado vipo. Akageuza ufunguo.

Kitasa kikalia, mlango ukaja ndani.

Meneja alikuwa amesimama kizingitini, maboksi yaliyokunjwa yakiwa kwapani, ufunguo wake mkononi, jasho usoni. Alimtazama mama yake, akautazama mkono uliokuwa bado umeng'ang'ania mpini, na safari hii aliyeanza kuutazama mkono hakukatizwa.

Mama Winchi aliachia mpini, akaunyoosha mkono wa kushoto mbele yake, kiganja juu.

"Ufunguo wangu."

Meneja aliunyoosha ufunguo, kisha akasita katikati. Miaka arobaini ya malezi ilimshika kiwiko. "Mama," alisema kwa sauti ya mtoto wa zamani, "huo ni wa kushoto."

"Najua unaitwaje. Weka."

Akauweka. Vidole vilijifunga juu yake kimoja kimoja, cha mwisho kikachelewa kidogo, kisha nacho kikafika.

"Karibu ndani, mwanangu," alisema Mama Winchi. "Maboksi yaache hapo nje."